Krosova ya kujitengenezea: anza na spika yako, si na kikokotoo

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ndugu mafundi na wapenzi wa muziki, nimeona niandike kwa kirefu kuhusu krosova za spika tunazojitengenezea, yaani saketi zinazogawa sauti kati ya wufa (spika kubwa ya sauti za chini) na twita (spika ndogo ya sauti za juu), kwa kuwa swali ambalo mafundi huulizana kila siku ni lile la "twita yangu niiwekee kapasita ya ngapi?", na majibu yanayotolewa huwa ni tarakimu moja isiyotaja ni twita gani, inakaa na wufa gani, wala kabati lina upana gani. Msimamo wangu ni kwamba swali hilo halina jibu likiulizwa hivyo. Krosova hutengenezewa spika fulani zilizo ndani ya kabati fulani, na fundi anayeanza kwa kupima spika zake mwenyewe, hata kama ana mita ya bei nafuu na simu tu, atapata sauti safi kuliko yule anayenunua bodi iliyokwisha kuunganishwa ambayo aliyeiunda hajawahi kuziona spika hizo.

Tuanze na sababu ya kugawa sauti. Wufa ya inchi 8 hupiga vizuri sauti za chini na za kati, lakini kadiri masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) yanavyopanda ndivyo urefu wa wimbi unavyopungua, mpaka unalingana na upana wa koni yenyewe. Sehemu ya koni inayofanya kazi katika wufa ya inchi 8 ina upana wa sentimita 17 hivi, na wimbi lenye urefu huo ni la takribani 2000 Hz; kuanzia hapo na kuendelea, sauti huacha kutawanyika na kuelekea mbele tu kama mwanga wa tochi, hivi kwamba aliyeketi mbele ya spika husikia vizuri na aliyeketi pembeni husikia sauti iliyofifia. Twita nayo ina mpaka wake upande wa chini. Twita nyingi za kuba za inchi 1 zina mtikisiko wao wa asili, yaani masafa ambayo kuba hutikisika kwa urahisi kuliko yote, kati ya 800 Hz na 1500 Hz, na ukizilazimisha kupiga karibu na hapo kwa nguvu, kuba hucheza kupita kiasi, koili yake ya ndani hupata joto, na mwishowe huungua. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kutenganisha sauti angalau mara mbili juu ya mtikisiko huo. Ukizingatia mipaka hii miwili, mahali pa kugawia huangukia mara nyingi kati ya 2000 Hz na 3500 Hz.

Ubaya ni kwamba masafa hayo ndiyo yale yale ambayo sikio la binadamu huyasikia kwa ukali kuliko mengine. Mpigo wa kidole kwenye uzi wa gita la solo la benga, ule mlio unaokufanya uitambue nota kabla haijatulia, umo humo. Krosova ikikosewa, gita hilo husikika kama linapigwa chumba cha pili huku besi ikiwa chumba hiki. Kwa sababu hiyo mimi huisikiliza krosova mpya kwa benga kabla ya muziki mwingine wowote.

Sasa hesabu. Krosova iliyo rahisi kabisa ni ya daraja la kwanza: kapasita moja (huzuia sauti za chini) kwenye twita na koili moja (waya uliozungushwa, huzuia sauti za juu) kwenye wufa, na mteremko wake ni desibeli 6 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapobadilika mara mbili. Ili kupata kapasita kwa maikrofaradi, gawanya 159155 kwa zao la masafa na ohm (kipimo cha ukinzani wa spika). Ili kupata koili kwa milihenri, zidisha 159 kwa ohm kisha ugawanye kwa masafa. Kwa ohm 8 na 3000 Hz utapata maikrofaradi 6.6 na milihenri 0.42. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayotolewa na kila kikokotoo cha intaneti, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba spika ni rezista ya ohm 8 isiyobadilika. Hakuna spika ya namna hiyo.

Chukua mita yako uipime wufa iliyoandikwa ohm 8, nayo itakuonyesha ohm 5.5 hadi 6.5, kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya peke yake. Ukipitisha sauti halisi, koili ya ndani ya wufa huanza kuzuia masafa ya juu. Tuseme wufa ina ukinzani wa ohm 6 na uinduktifu (uwezo wa koili kuzuia masafa ya juu) wa milihenri 0.6, kiasi ambacho ni cha kawaida. Ikifika 2500 Hz, impidansi yake, yaani ukinzani wake wote kwa masafa hayo, imepanda hadi ohm 11 hivi. Krosova iliyohesabiwa kwa ohm 8 sasa inakutana na ohm 11, na mahali pa kukatia hapako tena pale ulipopapanga: sauti za juu za wufa zinazidi kuvuja, zinagongana na zile za twita, na matokeo yake ni ule ukali unaochosha masikio baada ya nyimbo chache. Wengi hulaumu twita. Aghalabu mkosaji ni wufa.

Tiba yake ni ya bei ndogo na imejulikana tangu enzi za Otto Zobel, mhandisi wa simu wa Marekani: rezista na kapasita zilizounganishwa kwa mfuatano, kisha zikawekwa sambamba na wufa. Rezista huwa ni ukinzani wa wufa mara 1.25, yaani ohm 7.5 kwa mfano wetu. Kapasita hupatikana kwa kugawanya uinduktifu kwa mraba wa rezista hiyo, na hapa hutoka karibu maikrofaradi 10. Baada ya kuziweka, wufa huonekana kwa krosova kama mzigo uliotulia, na hesabu za kikokotoo huanza kukaribia ukweli.

Kwa upande wangu siishauri daraja la kwanza kwa twita ya kuba isipokuwa sauti ni ya chini sana, na sababu yake inaonekana kwa tarakimu. Ukikata 2500 Hz kwa kapasita moja, twita bado hupokea karibu asilimia 14 ya nguvu masafa yakiwa 1000 Hz, palepale kwenye mtikisiko wake wa asili. Ukikata mahali hapohapo kwa daraja la pili la mtindo wa Linkwitz-Riley, asilimia hiyo hushuka hadi kama 2. Mtindo huo unaitwa kwa majina ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi waliokuwa katika kampuni ya Hewlett-Packard, na Linkwitz aliueleza mwaka 1976. Katika daraja la pili kila upande una kapasita moja na koili moja. Kwa ohm 8 na 2500 Hz, kapasita ni maikrofaradi 4 na koili ni milihenri 1, pande zote mbili. Kwa twita, kapasita hutangulia katika njia na koili hukaa sambamba na twita. Kwa wufa, koili hutangulia na kapasita hukaa sambamba na wufa.

Jambo moja lisisahaulike: daraja la pili huziacha spika mbili zikiwa kinyume kwa nusu ya wimbi pale zinapokutana, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Kwa hiyo nyaya za twita hubadilishwa, chanya ikaenda kwenye hasi. Asiyefanya hivyo atapata shimo katikati ya sauti, na atalitafuta bila kulipata.

Mchangiaji (Kisumu)

Nakushukuru, fundi, kwa maelezo haya. Swali langu linahusu vifaa. Kapasita za filamu zinazotengenezwa kwa ajili ya sauti sijazipata katika maduka ninayoyafahamu hapa mjini, na za kuagiza huchelewa. Nikizunguka soko la Kibuye napata kapasita za kawaida zenye ncha chanya na hasi, na katika maduka ya umeme napata za feni za dari kwa wingi, kwa sababu joto la ziwa halituruhusu kukaa bila feni. Je, kati ya hizo ipo inayofaa?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ndugu yangu wa Kisumu, ile ya feni ndiyo unayoitafuta. Kapasita ya feni ya dari, na ya mota inayozunguka muda wote, kwa kawaida ni ya filamu ya polipropilini, aina ileile inayosifiwa katika krosova za bei ghali. Haina chanya wala hasi. Mara nyingi imeandikwa volti 400 au 450 za mkondo geuzi (AC), na spika yako haitaikaribia hata kidogo: amplifaya ya wati 100 kwenye ohm 8 hutoa volti 28, na kilele chake ni 40. Thamani zinazopatikana kwa urahisi ni kama maikrofaradi 1.5, 2.5 na 3.15, nazo zikiunganishwa sambamba hujumlishwa, kwa hiyo 1.5 na 2.5 zinakupa ile 4 ya mfano wangu. Ile ya maikrofaradi 10 ya kutuliza wufa utaipata kwa wauza pampu za maji. Sharti ni moja: iwe kapasita ya kuendeshea mota, si ya kuiwashia, kwa kuwa ile ya kuwashia ni ya elektroliti na haikuundwa kufanya kazi mfululizo.

Ukiichukua kutoka kwenye feni mbovu, igusishe ncha zake kwa rezista kabla ya kuishika kwa mikono, kwa kuwa huenda bado ina chaji. Pia ipime. Feni iliyoanza kuzunguka polepole mara nyingi kapasita yake imepungua thamani, na hiyo haifai kwa kazi yetu hata ikiwa ni ya bure.

Zile zenye chanya na hasi zinaweza kutumika ukikosa nyingine: unganisha mbili zinazolingana, hasi kwa hasi, utumie chanya mbili zilizobaki kama ncha zako. Thamani hugawanyika kwa mbili, kwa hiyo mbili za maikrofaradi 22 hukupa 11. Chagua za volti 63 au zaidi, na uziweke sambamba na wufa, ambapo udhaifu wake hausikiki sana. Katika njia ya twita weka za filamu daima.

Mchangiaji (Bungoma)

Mimi nakwama kwenye koili. Kapasita hununuliwa zikiwa tayari, lakini koili ya milihenri 1 sijui hata nianze na raundi ngapi. Tena nina feraiti kadhaa (viini vya sumaku vya kuweka ndani ya koili) nilizozitoa kwenye televisheni za zamani, na nilidhani zitanipunguzia waya. Naomba mwongozo.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Koili ndiyo sehemu ya krosova ambayo fundi wa kwetu anaweza kuitengeneza kwa ubora unaolingana na ya kiwandani, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Waya uwe wa shaba uliopakwa vanishi, wa geji 19, ambao unene wake ni milimita 1 hivi. Uutafute kwa mafundi wanaosuka upya mota za vinu vya kusagia mahindi na za pampu. Wao huununua kwa roli na hukupimia kwa kilo. Usinunue waya uliovuliwa kutoka kwenye mota iliyoungua. Vanishi yake imepasuka kwa joto, na raundi moja tu ikigusana na jirani yake huwa kama pete ya shaba iliyofungwa, ikapunguza uinduktifu na kula nguvu. Mbali na hilo, shaba isiyojulikana inakotoka imeitia nchi hasara kubwa. Januari 2022 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya hujuma dhidi ya mitambo ya umeme, na hakuna sababu ya mpenzi wa muziki kuingia katika mnyororo huo.

Kiini kiwe kipande cha bomba la PPR la milimita 25, lile la plastiki ngumu linalotumiwa na mafundi wa maji. Kata kipande cha sentimita 2 na kidogo, utie sahani mbili za plaiwudi pande zote mbili ili zibakize nafasi ya sentimita 2 kamili katikati, na upitishe boliti ndefu katikati ya bomba ili uweze kukizungusha. Toboa tundu dogo kwenye sahani moja, karibu kabisa na bomba, ambamo mwanzo wa waya utatokea. Kisha anza kuzungusha, raundi kando ya raundi, ukiuvuta waya kwa kidole gumba na kitambaa ili usilegee. Tabaka la kwanza hupokea raundi 18 au 19 na hulala vizuri. Kuanzia la nne hivi waya huanza kuteleza kwenye mabonde ya tabaka lililo chini, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Usijali mpangilio kuvurugika kidogo. Unachopaswa kukilinda ni mkazo wa waya na vanishi yake, kwa sababu waya uliolegea hutetemeka sauti ikipanda na kuimba pamoja na muziki.

Idadi ya raundi hutokana na kanuni ya Harold Wheeler, mhandisi wa Marekani aliyeichapisha mwaka 1928 kwa ajili ya koili za redio. Ukitumia sentimita, husomeka hivi: maikrohenri = 0.315 × a² × N² ÷ (6a + 9b + 10c), ambapo a ni nusu kipenyo cha wastani cha koili, b ni upana wake, c ni kina cha waya kutoka ndani hadi nje, na N ni raundi. Kwa kiini nilichokieleza, milihenri 1 hupatikana kati ya raundi 190 na 200, kutegemea umekaza kiasi gani. Zungusha 200, upime kwa mita inayosoma uinduktifu, kisha uvue raundi moja moja hadi ufike. Waya utakaotumika ni kama mita 24, wenye uzito wa gramu 170 hivi, na ukinzani wake ni karibu nusu ohm, ambao utapunguza sauti ya wufa kwa nusu desibeli tu. Ukimaliza, funga koili kwa mikanda midogo ya plastiki pande nne na uipake vanishi.

Kuhusu feraiti za televisheni, ziache kwa njia ya wufa. Feraiti hupunguza waya kwa kweli, lakini ina kikomo cha usumaku inachoweza kubeba. Ngoma inapopigwa kwa nguvu, mkondo unapanda, feraiti inajaa, na kwa sekunde hiyo koili yako ya milihenri 1 inakuwa kitu kingine kabisa. Koili ya hewa haina kikomo hicho.

Unapozipanga kwenye ubao, usizilaze koili mbili pamoja zikitazama upande mmoja, kwa kuwa usumaku wa moja huingia kwenye nyingine na sauti ya wufa ikapita hadi kwa twita. Ilaze moja na usimamishe nyingine, uziachie nafasi ya sentimita 10 au zaidi, na usizikaribishe kwenye sumaku ya wufa. Skurubu ya chuma isipite katikati ya koili. Tumia ya shaba nyeupe au ile mikanda ya plastiki.

Mchangiaji (Kakamega)

Sisi tuna spika za kanisa, wufa za inchi 15 na twita za piezo (zinazotumia kauri badala ya koili na sumaku) zilizounganishwa moja kwa moja bila krosova. Ngoma za isukuti zinapoingia pamoja na kwaya, sauti za juu zinakuwa kali mno na maneno ya waimbaji hayasikiki. Nimeambiwa piezo haihitaji krosova. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ni kweli nusu. Piezo yenyewe inafanya kazi kama kapasita ndogo, kwa hiyo sauti za chini haziiingii na haziiunguzi. Lakini wufa yako ya inchi 15 inaendelea kupiga hadi juu kabisa bila kizuizi, na hapo ndipo maneno yanapopotelea: konsonanti zinatoka kwenye koni kubwa isiyoweza kuzitawanya. Wufa inahitaji koili yake. Ile piezo nayo, kwa kuwa si mzigo wa ohm 8, ukiiwekea kapasita iliyohesabiwa na kikokotoo haitabadilika kwa namna uliyotarajia. Weka kwanza rezista ya ohm 8 ya wati 20 sambamba nayo, ndipo krosova ione mzigo inaoufahamu. Rezista nyingine ya ohm 20 au 30 kwa mfuatano na piezo hupunguza ukali na kuipa amplifaya nafuu kwenye masafa ya juu.

Nitasema pia kwamba wufa ya inchi 15 na twita ndogo ziko mbali sana kimasafa. Koni hiyo inaanza kubana sauti kabla ya 1100 Hz, na piezo nyingi hazifanyi kazi ya maana chini ya 3500 Hz au 4000 Hz. Katikati yake ndimo uwazi wa maneno ya mhubiri ulimo. Kanisa likiwa na uwezo, spika ya kati ya inchi 6 au honi yenye draiva ya kubana hewa italeta tofauti kubwa kuliko krosova yoyote nitakayokuchorea.

Mchangiaji (Kisumu)

Umesisitiza kupima. Sina kifaa cha maabara. Kwa vitendo, napimaje impidansi ya wufa yangu nyumbani?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ukiwa na kompyuta, programu ya kupima sauti iitwayo REW hupatikana bila malipo, na kwa rezista ya ohm 100 na nyaya chache za kadi ya sauti itakuchorea mstari mzima wa impidansi. Mstari huo ukiuingiza kwenye VituixCAD, ambayo pia ni ya bure, unaweza kujaribu krosova nyingi kwenye skrini kabla hujanunua hata kapasita moja.

Bila kompyuta, unganisha rezista ya ohm 10 kwa mfuatano na wufa, upeleke mlio wa masafa unayoyataka kutoka kwenye programu ya simu kupitia amplifaya kwa sauti ya chini, kisha upime volti kwenye rezista na volti kwenye wufa. Impidansi ni 10 mara volti za wufa, ukigawanya kwa volti za rezista. Mita za bei nafuu hukosea masafa yakipita 400 Hz, lakini kwa kuwa unalinganisha vipimo viwili vya mita ileile na masafa yaleyale, kosa hilo hujifuta kwa kiasi kikubwa. Pima 100, 200, 500, 1000, 2000, 2500 na 4000 Hz, uandike kwenye karatasi. Kwa twita panda kuanzia 500 Hz kwa sauti ndogo sana. Pale impidansi inapofika kilele ndipo penye mtikisiko wake wa asili, na sasa unajua chini ya masafa gani usiikatie.

Pima pia upana wa kabati. Masafa yakishuka, uso wa kabati huacha kuisukuma sauti mbele nayo ikazunguka nyuma, na wufa hupoteza hadi desibeli 6 upande wa chini. Mahali hilo linapotokea hukadiriwa kwa kugawanya 115 kwa upana wa kabati kwa mita, kwa hiyo kwa kabati la sentimita 25 ni karibu na 460 Hz. Ndiyo sababu spika nyingi za kujitengenezea husikika nyembamba ingawa wufa ni nzuri. Mafundi wazoefu huirekebisha kwa koili kubwa kuliko ya kikokotoo, milihenri 1.5 au hata 2 badala ya 1, huku wakipunguza twita ilingane. Hapa masikio na vipimo vifanye kazi pamoja, kwa kuwa kabati linaloegemea ukuta huhitaji marekebisho madogo kuliko lililo katikati ya chumba.

Mchangiaji (Bungoma)

Je, krosova ya sabufa (spika ya besi tupu) ya kukata 100 Hz nayo naweza kuisuka kwa njia hiyohiyo?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Unaweza, lakini hesabu inakataa. Kwa ohm 8 daraja la pili hudai koili ya milihenri 25 na kapasita ya maikrofaradi 100. Koili hiyo itakula karibu kilo moja ya waya wa milimita 1 na bado ukinzani wake utakuwa karibu ohm 3, ambao utaipokonya sabufa nguvu na udhibiti. Sabufa ipewe amplifaya yake, na sauti igawanywe kabla ya kufika huko. Saketi ya kuchuja sauti ya Sallen na Key yenye IC (chipu ya kukuza mawimbi) ya TL072, rezista mbili za kiloohm 10 na kapasita mbili za nanofaradi 150 hukata karibu na 106 Hz kwa mteremko uleule wa Linkwitz-Riley, na vifaa vyote hujaa kiganja kimoja.

Mchangiaji (Kisumu)

Natoa mrejesho. Nimetumia kapasita za feni 1.5 na 2.5, koili mbili za milihenri 1, na ile rezista na kapasita ya kutuliza wufa. Wufa ni ya inchi 6.5 na twita ni ya kuba. Sauti za waimbaji sasa zimetulia na nyatiti inasikika uzi kwa uzi. Hata hivyo twita ilikuwa juu, nikaipunguza kwa rezista ya 3.9 kwa mfuatano na 8.2 sambamba, na sasa naona imezama. Pia nitajuaje kwamba nyaya za twita ziko upande sahihi?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Hongera sana. Rezista hizo mbili hupunguza desibeli 6, ambazo ni nyingi kwa twita yako. Weka 2.2 kwa mfuatano na 20 sambamba, na upunguzaji utakuwa desibeli 3. Hakikisha zimekaa baada ya koili ya twita, yaani kati ya krosova na twita yenyewe, ili krosova iendelee kuona ohm 8. Zile nyeupe za simiti za wati 10 zinatosha kwa sebule; ziinue kidogo kutoka kwenye ubao kwa kuwa hupata joto.

Kuhusu nyaya, peleka mlio wa 2500 Hz kwa kabati moja, wufa na twita zikipiga pamoja, simu nyingine yenye programu ya kupima sauti ikiwa umbali wa mita moja, kwenye kimo cha katikati ya twita na wufa. Soma kiwango, badilisha nyaya za twita, kisha usome tena bila kuigusa simu. Upande mmoja sauti itaanguka kwa dhahiri, na upande mwingine itasimama. Tumia ule inaposimama. Sauti isipoanguka kwa desibeli 10 au zaidi katika upande mbaya, spika zako hazikutani pale ulipopanga, na hapo sogeza mlio hadi 2200 na 2800 Hz utafute shimo liliko. Likiwa chini ya 2500, vua raundi chache kutoka kwenye koili ya wufa, tano kwa mara moja, na upime upya kila mara. Likiwa juu, ongeza waya. Weka nyaya za muda nje ya kabati mpaka kazi hiyo iishe, ndipo ulehemu ubao wote na kuufunga ndani.